Picha za Kibet Nilizozificha

Mdogo wangu Kibet,

Barua hii hutaisoma kwa macho yako. Atakusomea Chelagat, mume wake atasikia, na jirani akipita atasikia pia, kwa hiyo haiwezi kuwa na siri. Ni sawa. Naiandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho walichonifundisha kuandika shuleni; lugha yetu mimi naijua ya kusema tu. Chelagat, kongoi, asante sana, kwa kazi hii. Mgeuzie kwa lugha yetu polepole, na ukifika mahali ninapojisema vibaya usiruke kwa kunionea huruma. Nimeiandika mara tatu na kuichana, na kila mara nilichana nilipofika hapo.

Huku juu ya Sigowet hatujambo, kama mtu mmoja anaweza kusema hatujambo. Mvua inanyesha kila siku kuanzia saa nane. Wiki jana ilikuja na mawe ikararua chai yote ya upande wa mto, sasa nachuma kidogo tu, karibu na nyumba. Ng'ombe yule mweupe amezaa ndama jike. Maziwa yamekuwa mengi kuliko wanywaji. Juzi nilitengeneza mursik, maziwa yetu ya mgando, kwa kile kibuyu kikubwa, nikakisugua na mkaa, nikamimina maziwa, nikakifunga, na ndipo nikakumbuka kwamba mwenye kukimaliza hayupo. Ugali pia ninausonga wa watu wawili mpaka leo. Kuku wamenenepa kwa mabaki yako ambayo hukuyabakiza wewe.

Nakumbuka siku niliporudi kutoka Chebunyo. Wewe ndevu zilikuwa zimeanza tu. Ndoa yangu ilikuwa imenishinda. Watu wa kule walitaka watoto, na watoto hawakuja. Nilifika na sanduku moja la bati na aibu iliyojaa kuliko sanduku. Mama alisimama mlangoni na maswali yake. Majirani walikuwa kando ya ua wakijifanya wanatafuta kuku. Wewe ulikuja moja kwa moja, ukachukua sanduku, ukalipeleka chumba cha nyuma, ukaliweka sambamba na ukuta, ukarudi nyuma hatua moja ukaliangalia, ukalisogeza tena kidogo. Kisha ukaniambia, "Umekuja." Hukuwa unauliza. Katika watu wote wa ukoo wetu ni wewe peke yako uliyenipokea bila kutaka kujua nilikosa nini. Tangu siku hiyo nilihesabu kwamba nina mtu.

Mama alikupenda kwa mikono yake. Alikufunga vifungo vya shati ukiwa mwanamume mzima. Alikukatia nyama, alikunawisha miguu, alikuvalisha gambuti. Mtu akimwambia akuache ujaribu mwenyewe, alisema hana muda wa kungoja, na kweli hakuwa nao, kwa sababu ng'ombe na chai na kuni vyote vilimngoja yeye. Mimi nilimlaumu kimoyomoyo. Nilijiona mwerevu kuliko yeye, na nakuomba unisikilize mpaka mwisho ujue werevu wangu ulinifikisha wapi.

Alipokufa tulibaki wawili. Nikajaribu kukufundisha kuchuma chai. Shida yako hukutaka kubakiza kitu. Mimi nachuma majani mawili na ncha. Wewe unachuma majani mawili na ncha, na jani gumu la chini yake, na kijiti kinacholishika, na ukiondoka kichaka kimenyolewa. Siku ile karani wa kituo cha kununulia majani alimwaga kikapu chetu chini mbele ya watu, akasema tuchambue upya. Tulipiga magoti pale kwenye simenti, watu wakiruka juu ya majani yetu. Nilimkasirikia karani, halafu nikakukasirikia wewe kwa kuwa wewe ulikuwa karibu. Nikaamua kuanzia siku hiyo utabeba kikapu tu. Ulikibeba miaka minne. Hukulalamika, na mimi nilidhani mtu asiyelalamika ameridhika.

Aliyekuona ni Mama Njoki. Wewe unamjua, lakini jirani anayesikiliza pengine hamjui: ni yule mama wa Kikuyu ambaye wazazi wake walikuja Kericho kufanya biashara zamani, mwenye kitalu cha miche ya chai chini ya shule. Alikuja kwetu kuomba matawi ya vichaka vya zamani vya baba ili akate miche. Tulikuwa tunaongea uani, na yeye haniangalii, anaangalia ukuta wa jikoni, pale ulipokuwa umepanga kuni. Vipande vyote vya urefu mmoja, vichwa vimelingana, hakuna kilichotokeza hata kidogo.

"Nani amepanga hii kuni?" akauliza.

Nikamwambia ni wewe. Akasema anatafuta mtu wa kupanga hivyo, kwa sababu vijana wake wanapanga miche kama watu wanaofukuzwa na mbwa. Nilimjibu kabla yako, Kibet. Ulikuwa umesimama pale pale, na mimi nikajibu. Nilisema haiwezekani, akili yako iko polepole.

"Sijauliza akili," Mama Njoki akasema. "Nimeuliza kuni."

Basi tukaenda, wewe na mimi, kwa sababu nilisema huwezi kwenda bila mimi. Kazi haikuwa ngumu, ilikuwa na hatua nyingi tu. Kuchunga udongo mwekundu. Kujaza zile karatasi nyeusi za plastiki zisizo na kitako. Kushindilia kwa vidole. Kuzisimamisha kwa mstari. Kumwagia maji. Halafu ndiyo kupanda kile kijiti kifupi chenye jani moja, jani lisiguse udongo, na majani yote yatazame upande mmoja. Nilikaa kando yako. Ulipojaza karatasi nilisema, "Haya." Uliposhindilia nilisema, "Haya." Uliposimamisha, haya. Ulijifunza kwa siku tatu, na mimi nikajisifu moyoni nikimwambia marehemu mama kwamba ameona.

Siku ya nne nilitoka kidogo kwenda kwa rafiki yangu aliyekuwa mgonjwa, nikakaa kuliko nilivyokusudia. Niliporudi ulikuwa umekaa na karatasi moja mikononi, imejaa vizuri, udongo wa juu umekauka. Moja tu. Saa mbili nzima. Wenzako walikuwa wamekuzunguka na mistari yao, wengine wakicheka chini chini. Chelagat, mfanyakazi mwenzako ambaye wakati huo tulikuwa hatujazoeana naye, aliinua kichwa akaniambia bila ubaya, "Anangoja wewe useme haya."

Hapo ndipo nilielewa nilichokufanyia. Nilikuwa nimekufundisha kwamba haya ni sehemu ya kazi, sawa na udongo na maji. Bila haya, kazi haikuwa imeisha, na wewe si mtu wa kuacha kazi nusu. Watu walikuona mjinga, na kumbe ulikuwa unafuata nilivyokuonyesha bila kukosea hata mahali pamoja.

Mama Njoki aliniita kando ya tangi la maji. "Kibet hana shida," akasema. "Shida ni wewe. Mimi siwezi weka watu wawili kwa kazi ya mtu mmoja. Nawapatia wiki mbili. Kama hawezi simama peke yake, mrudi nyumbani wote."

Nilikuwa na hasira njia yote. Nilikuambia yule mama hana moyo. Wewe ulitembea mbele, gambuti zimejaa udongo, ukaniambia, "Napenda kule." Nilijua kwamba kwa kikapu cha chai hukuwahi kusema hivyo.

Wiki mbili zile nilijifunza kunyamaza, na sikuwahi kufanya kazi ngumu kama hiyo. Siku ya kwanza uliuangalia mdomo wangu kila ulipomaliza karatasi. Haya ilikuwa imekaa kwenye ulimi inataka kutoka. Mwishowe nilijifunga leso mdomoni kama mtu anayeumwa na jino, na kitalu kizima kikanipa pole ya jino. Chelagat peke yake ndiye aliyejua, na alicheka mpaka akalazimika kukaa chini.

Lakini leso haikutosha, kwa sababu ulihitaji kujua kazi imeisha lini, na hesabu si yako. Chelagat alileta kreti ya soda kutoka duka la shemeji yake. Kila tundu lilichukua karatasi moja, ikasimama bila kuanguka. Tulikuonyesha: ukiona tundu tupu, jaza, usipoona tundu tupu, beba. Hakuna haja ya kuhesabu wala ya kuniangalia. Ulibeba kreti ya kwanza hadi kwenye tuta, ukarudi na kreti tupu, ukaanza tena, na hukuuangalia mdomo wangu. Nilifurahi, na chini ya furaha kulikuwa na kitu kidogo chenye baridi ambacho sikutaka kukitazama.

Halafu zikaja picha. Chelagat alitupiga kwa simu yake, hatua moja picha moja, akaenda kuzitoa kwenye duka la kompyuta sokoni, tukazifunika kwa plastiki na kuzitundika kwa vibanio vya nguo kwenye kamba mbele yako. Picha sita. Hatua ikiisha, unageuza picha yake nyuma. Unakumbuka ulivyogoma? Ulisimama mbele ya picha ya kwanza, ukakunja mikono. Nikadhani umechoka. Ukanionyesha kwa kidole ukasema, "Huo ni mkono wako." Ilikuwa kweli. Tulikuwa tumepiga mikono yangu ikifanya kazi, kwa hiyo kwako ile ilikuwa kazi yangu, na ulikuwa unangoja nije niifanye. Ikabidi Chelagat apige upya, mikono yako, na kovu lako la panga kwenye kidole gumba, na kucha zako. Ulizipenda sana. Ulipita ukiwaonyesha wote, "Huyu ni mimi."

Nikaanza kurudi nyuma. Nilianza mwisho wa tuta, nikaenda kwenye tangi la maji, nikaenda langoni. Chelagat ndiye aliyeniambia nisiruke kutoka karibu hadi mbali kwa siku moja, kwa kuwa ungeshtuka. Siku niliyokuwa langoni ulipanda kreti nzima ya miche kichwa chini, majani kwenye udongo na vijiti juu. Nilitaka kukimbia nije nikuzuie. Nilishika lango kwa mikono miwili. Ulisimama, ukaitazama picha, ukatazama miche, ukatazama tena picha, ukacheka peke yako, ukaanza kuing'oa mmoja mmoja na kuigeuza. Kama ningekuja ningeharibu cheko lile.

Niliendelea kuhesabu mara ulizogeuka kunitafuta. Nilikuwa barabarani sasa, nyuma ya ua. Siku moja ilikuwa mara tano, nyingine mara mbili, na siku ya mwisho ya zile wiki mbili hukugeuka kabisa. Nilisimama pale na manyunyu yananiingia shingoni, mpaka saa ya chai, na hukugeuka. Mama Njoki alipita akaniambia, "Sasa nenda nyumbani mama, kazi yako imeisha." Alikuwa ananipongeza. Nilifika nyumbani nikakaa kitandani na nguo zangu za mvua, nisijue mchana unafanywa nini.

Miaka miwili ulikwenda na kurudi mwenyewe. Jioni ulikuja na habari: nani ameanguka kwenye matope, nani amekula chakula cha nani. Tulikula pamoja. Mimi nilijiambia hiyo ndiyo raha yenyewe, kaka anafanya kazi yake na dada anapika, na hakuna aliyeniahidi kwamba itadumu ila mimi mwenyewe.

Kisha Mama Njoki akafungua kitalu cha pili upande wa Ndanai, kwa wale wanaoanza kujaribu chai kule. Akamtaka Chelagat akisimamie, na akakutaka wewe, kwa sababu miche unayopanda wewe ilikuwa inashika mizizi kuliko ya mtu mwingine yeyote. Ungekuwa na chumba chako katika boma la Chelagat na mume wake. Ungejaribu kwa miezi mitatu. Ulikuja nyumbani unatembea upesi, ukaniambia, "Naenda Ndanai," na nikaona ulikuwa unaniambia tu, hukuwa unaniomba ruhusa.

Nilisema tutaona.

Chelagat, ni hapa.

Kibet, siku iliyofuata, asubuhi, ulipokuwa unaoga, nilifungua mfuko wako nikatoa zile picha sita ulizokuwa ukirudi nazo kila jioni. Nilizitia ndani ya debe la mahindi ya kuku, chini kabisa, nikazifunika. Nilijua ninachofanya. Nilitaka ufike kazini ufungue mfuko ukose, ukae na karatasi moja mikononi kama siku ile, na Mama Njoki aone, na waseme huyu hawezi kwenda Ndanai, arudi kwa dada yake. Nilikufunga mfuko vizuri. Nilikupa chai. Nilikuambia uende salama.

Saa sita sikuweza kukaa. Nikatembea hadi kwenye kitalu nikasimama nyuma ya ua, pale pale pangu pa zamani. Nilitarajia kuitwa. Nilikuwa nimejitayarishia hata uso wa kusikitika. Nikakuona umeinama kwenye tuta unapanda, jani moja baada ya jingine, yote yametazama upande mmoja. Kamba ilikuwa tupu mbele yako, vibanio peke yake. Nilimwita Chelagat kwa mkono, nikamuuliza kulikoni, nikijifanya nimepita tu.

"Alitafuta picha akakosa," akasema. "Akakuja akaniuliza, baada ya maji ni nini? Nikamwambia ni kupanda. Basi. Hajauliza tena."

Uliuliza mara moja. Kitu chote nilichotaka ujifunze kwa miaka ile, kwamba ukikwama usikae, muulize mtu aliye karibu, ulikuwa umekifanya, na mtu aliye karibu hakuwa mimi. Chelagat alidhani machozi yangu ni ya furaha, na kwa sehemu yalikuwa ya furaha, sitajikashifu kuliko ukweli. Lakini sehemu kubwa ilikuwa ya mtu aliyekuja kuchukua kitu chake akakuta si chake.

Na jambo baya zaidi halikuwa hilo. Ulirudi jioni, hukuvua gambuti, ukasimama mlangoni umeinamisha kichwa. Ulikuwa umetembea njia yote ukitafuta kando ya barabara, kwenye nyasi. Suruali ilikuwa imelowa mpaka magotini. Ukaniambia, "Nisamehe. Nimepoteza picha zako."

Ningeweza kusema wakati ule. Debe lilikuwa hatua nne kutoka pale tuliposimama. Nilisema, "Si neno, Kibet, vitu hupotea." Nilikuacha uniombe msamaha kwa kosa langu, na nikaupokea, na ukalala ukijua kwamba wewe ni mtu anayepoteza vitu. Siku tatu baadaye ulipofungasha kwenda Ndanai, ulizitaja nguo zako moja moja mara mbili mbele yangu ili nione kwamba hupotezi. Shati, shati, suruali, sweta. Nilishindwa kuangalia, nikasema jikoni kuna moshi.

Hukupoteza kitu, Kibet. Ni mimi. Nilizichukua kwa mkono wangu kwa sababu niliogopa kubaki, na hofu yangu nikakutwika wewe. Nakuomba msamaha mbele ya Chelagat na mume wake na yeyote anayepita. Picha ziko ndani ya bahasha hii, moja imetobolewa kidogo na fukusi. Sizileti kwa sababu unazihitaji. Nazileta kwa sababu zina mikono yako, na hazikuwa zangu hata siku moja.

Sasa nikuambie la Jumapili. Kabla hujanipigia, Mama Njoki alinipigia yeye. Alisema miezi mitatu imeisha, umefanya kazi bila mtu kukusimamia, vijana wapya anawaleta kwako uwaonyeshe namna ya kupanga. Akaniuliza, "Sasa unataka akae ama arudi? Wewe ndio dada yake, sema."

Nataka ujue kwamba neno lilikuwa tayari mdomoni. Arudi. Hakuna mtu angenilaumu. Ningesema chai ya upande wa mto imeharibika, ng'ombe amezaa, nahitaji mkono, na yote yangekuwa kweli. Nililimeza neno lile. Kisha nikamwambia hilo si la kuniuliza mimi. Nikamwambia akuulize wewe.

Ndipo ukanipigia kwa simu ya Chelagat baada ya kanisa. Ulisema, "Ameniuliza. Nimesema nakaa." Nikasema vizuri. Ukaniambia chumba chako kina dirisha, na kwamba unafunga vifungo vyote, hata kile cha juu kabisa. Nikasema vizuri sana. Halafu nikasikia watoto wa Chelagat wanacheza nyuma yako, ukaniuliza, "Na wewe unakaa na nani?"

Nilisema niko sawa. Nikasema ng'ombe ananiita, nikakata simu. Ng'ombe alikuwa amelala.

Kwa siku nne nimekuwa na swali lako ndani ya nyumba hii. Linakaa mezani, linanifuata kwenye chai. Katika miaka yote hii nimekuuliza wewe umekula, umevaa, umelala, na sikumbuki kama kuna siku mtu aliniuliza mimi hivyo tangu mama aondoke. Nami nilikujibu kama watu wanavyomjibu mtoto ili aende kucheza. Nilikujibu kama walivyokujibu maisha yako yote.

Jibu ni hili. Sikai na mtu, Kibet. Nakaa peke yangu, na jioni ni ndefu sana, na ninaumia. Sikuambii hivyo ili urudi; kazi yako iko huko, na miche inakungoja asubuhi, nami ningekasirika nikikuona langoni na mfuko wako kwa ajili hiyo. Nakuambia kwa sababu uliniuliza, na wewe si mtoto.

Saisere, kwaheri, mdogo wangu.

Ni mimi,
dada yako.